Kabla ya kununua kompresa mpya, uliza namba hiyo ni ya nini

Siku hizi hakuna asiyejua habari za presha. Ukienda kliniki, hata kama kilichokupeleka ni jino, muuguzi atakufunga ule mkanda mkononi, aupulize, kisha akuandikie namba mbili kitabuni: moja ya juu, nyingine ya chini. Na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayetazama namba moja tu akakuambia moyo wako umekufa, katafute mwingine. Atakuuliza umri wako. Atakuuliza kama umepanda ngazi mbio. Atakuambia uketi kidogo utulie, akupime tena.

Ajabu ni kwamba magari yetu hayapewi heshima hiyo. Kiyoyozi kikianza kupuliza hewa ya vuguvugu, fundi huchomeka mipira yake miwili, wa buluu na mwekundu, akaitazama geji kwa muda wa kufumba na kufumbua, akatikisa kichwa, na hukumu ikatoka: "Kompresa imekufa." Mwenye gari hana la kusema. Namba ameonyeshwa, nani yeye abishane na namba? Huingiza mkono mfukoni, na zinazotoka humo aghalabu ni zile zilizokuwa za unga, kodi ya nyumba na karo.

Kwa sababu hiyo, msomaji, usiupite ukurasa huu ukidhani haya ni maongezi ya mafundi na madereva peke yao. Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili swali moja lililoulizwa kwa wakati wake linaweza kukuokolea pesa za muhula mzima. Linaweza hata kukuokolea roho, kama utakavyoona mbele.

Pengine utaniambia: kiyoyozi cha nini hapa Naivasha? Mji wenyewe uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku watu hulalia blanketi mbili. Hoja yako ni nzuri. Lakini jaribu kuketi ndani ya gari mwezi wa Januari, saa nane mchana, kwenye njia za vumbi zinazochepuka kutoka barabara ya Moi South Lake. Ukifungua dirisha unameza vumbi, ukilifunga unaiva. Na ukingoja Julai, uondoke alfajiri kwenda Nairobi ukipitia Kinungi hadi Limuru, ukungu wa nje na pumzi za abiria ndani hukifanya kioo cha mbele kuwa kama cha bafuni. Kiyoyozi hukausha hewa iliyo ndani ya gari, ndiyo maana kioo hutakata mara moja. Kwa dereva anayefuata taa za lori gizani, hiyo si anasa hata kidogo.

Mimi haya yalinifikia kupitia kwa dada yangu na mumewe. Shemeji ana gari dogo aina ya Noah ambalo hubebea wageni, akiwapeleka ziwani, Hell's Gate na kwenye mlima Longonot. Dada ana kibanda Karagita, anauza mkaa na mitungi ya gesi. Januari ya 2024 kiyoyozi cha Noah kilianza vituko. Gari likiwa mbioni kwenye barabara kuu, baridi ilikuwa ya kutosha. Likisimama langoni mwa mbuga, au likikwama nyuma ya malori, hewa iligeuka kuwa ya moto. Wageni wakaanza kulalamika, na mmoja akadai arudishiwe sehemu ya nauli.

Shemeji alilipeleka gari kwenye gereji moja mjini. Fundi alifunga geji zake, kisha akainama na tochi akasoma kibandiko kilichobandikwa kwenye kompresa. Palikuwa na namba 3.5 ikifuatwa na herufi MPa. Akatoa simu, akapiga hesabu, akapata karibu pauni 500. Akaionyesha geji nyekundu, ambayo ilikuwa imesimama kwenye 320.

"Unaona mwenyewe, bosi," akasema. "Hii inatakiwa kutoa 500, inatoa 320 peke yake. Imechoka."

Kompresa ya mtumba kutoka Japani angeipata kwa Sh48,000, na kazi ya kuifunga ingelipiwa kando. Nyumbani palikuwa na Sh50,000, na hizo zilikuwa karo ya kifungua mimba wao, aliyekuwa anaripoti shuleni wiki iliyofuata.

Shemeji alikuwa tayari kuzitoa, kwani gari ndilo linalowalisha. Aliyemzuia ni dada, ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, kisha akamuuliza: "Baba watoto, hiyo 500 iliyoandikwa ni presha ya kazi au ni presha ya mwisho?"

Swali hilo alilitoa kibandani mwake. Mitungi yake yote imegongwa namba shingoni, na miongoni mwa namba hizo mna presha ambayo mtungi hujaribiwa nayo kiwandani kuhakikisha hautapasuka. Gesi iliyomo ndani haifiki hapo, na wala hakuna mteja anayeomba ifike. Namba ile ni ukuta. Kazi hufanyika mbali na ukuta.

Hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Presha inayoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa ni kikomo cha chuma, wala si lengo la kazi. Ni kama uzito unaoandikwa kwenye lifti ya ghorofa: ukisoma kwamba inaweza kubeba kilo 600, huendi kutafuta watu barabarani ili zitimie. Kompresa yenye kikomo cha pauni 500 ikifanya kazi kwa 200, haijachoka. Iko salama. Ikikaribia 500, hapo ndipo kuna hatari, na ndiyo maana mitambo hii huwekewa swichi ya kuizima kompresa presha ikipanda kupita kiasi. Aghalabu huwekewa pia vali ndogo ya kutolea gesi nje mambo yakizidi, sawa na ile inayopiga mluzi kwenye sufuria ya presha maharagwe yanapochemka.

Vibandiko havifanani. Vingine havina presha kabisa, vina jina la gesi na aina ya oili pekee. Vyenye presha mara nyingi huwa na namba mbili, kubwa na ndogo. Kubwa ni kikomo cha upande wa presha ya juu, ndogo ni cha upande wa presha ya chini, ambao vyuma vyake havikuundwa kuhimili mzigo sawa. Basi fundi anapojaza hewa kutafuta mahali panapovuja injini ikiwa imezimwa, pande zote mbili huwa zimeungana, na kikomo kinachotawala ni ile namba ndogo. Akifuata ile kubwa, anaweza kupasua sehemu iliyokuwa nzima.

Vipimo navyo visikuchanganye. Magari yetu mengi yametoka Japani, na Wajapani hupenda kuandika MPa au kg/cm². Geji za mafundi wetu husoma psi, yaani pauni kwa kila inchi mraba, zile zile unazotajiwa kwenye kituo cha petroli unapojaza upepo magurudumu. MPa 1 ni karibu pauni 145. Bar 1 ni pauni 14.5. Kilo 1 kwa sentimita mraba ni pauni 14.2. Gurudumu la gari dogo hujazwa kama pauni 30 hivi. Sasa linganisha na upande wa juu wa kiyoyozi, unaofanya kazi kwa pauni 150 hadi 250, na utaelewa kwa nini hakuna mtu anayepaswa kufungua nati za mabomba hayo kwa mzaha.

Lakini kwa nini pande ziwe mbili? Twende jikoni. Maji ya chai yanapochemka hula joto la jiko, na yanapogeuka kuwa mvuke huondoka na joto hilo. Gesi ya kiyoyozi hufanya hivyo hivyo, ila inachemka kwenye baridi kali. Gesi iitwayo R134a, iliyo katika magari mengi tuliyo nayo, ikiachwa wazi kwenye usawa wa bahari huchemka ikiwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikibanwa hadi kama pauni 30, huchemka karibu na nyuzi sifuri. Huo ndio upande wa chini, unaopita nyuma ya dashibodi: gesi inachemka humo na kula joto lililo ndani ya gari. Kompresa huivuta ikiwa mvuke na kuibana hadi kama pauni 200, na hapo hupata joto la zaidi ya nyuzi 50. Kwa kuwa sasa ina joto kuliko hewa ya nje, inaweza kulitupa joto hilo nje kupitia kondensa, ule wavu wa mabomba membamba ulio mbele ya rejeta. Ikishapoa hugeuka kuwa maji maji, ikapenya kwenye kitundu chembamba, presha ikashuka, na safari ikaanza upya.

Kwa hivyo presha ya kiyoyozi ni joto lililovaa nguo nyingine. Jua likiwa kali, presha ya juu hupanda. Asubuhi yenye baridi hushuka. Fundi anayekusomea namba bila kuuliza joto la siku hiyo ni sawa na muuguzi anayempima mtu aliyetoka kukimbia.

Shemeji aliupokea ushauri wa mkewe, akalipeleka gari kwa mzee mmoja wa upande wa Kihoto. Mzee huyo alishughulikia friji na viyoyozi vya magari Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi bara. Mimi nilifuatana nao. Tulimweleza habari ya 500 na 320, akacheka hadi akaivua kofia.

"Mwanangu," akaniambia, "maiti habebi gunia. Kompresa iliyokufa itaipata wapi nguvu ya kusukuma 320?"

Hakuigusa kompresa. Aliwasha injini na kiyoyozi, akaenda mbele ya gari, akatazama feni. Ilikuwa imelala. Akamulika kondensa kwa tochi, na tundu zake zilikuwa zimezibwa na vumbi laini la Naivasha lililoshikana na vipande vya nyasi na mabawa ya wadudu. Hapo kitendawili kikateguka. Gari likiwa mbioni, upepo wa safari ulifanya kazi ya feni. Likisimama, joto lilikosa pa kutokea, presha ikapanda, baridi ikaisha. Ile 320 haikuwa dalili ya udhaifu. Kompresa ilikuwa inasukuma mzigo ambao haukuwa wake.

Mzee aliosha kondensa kwa maji ya taratibu, kwani maji ya nguvu huvilaza vile vibati vyembamba, kisha akafunga mota nyingine ya feni. Geji nyekundu ikashuka hadi karibu 190, ya buluu ikatulia kwenye 35. Gharama yote ilikuwa Sh6,500. Mtoto akaenda shule.

Nilimwomba mzee anisomeshe jinsi ya kuzitazama zile geji mbili, naye akanieleza kwa lugha nyepesi ambayo nawe unaweza kuikariri.

Zote mbili zikiwa chini, shuku kwamba gesi imepungua, na palipo na upungufu pana mvujo. Zote mbili zikiwa juu, joto halitoki: tazama feni, tazama kondensa, au uliza kama gesi imezidishwa au kama kuna hewa ya kawaida iliyoingia ndani. Ya chini ikizama kabisa ilhali gari linanguruma, njia imeziba mahali, pengine kwa unyevu ulioganda. Ni pale tu geji ya chini inapopanda na ya juu inaposhuka, mishale ikawa inakaribiana kama watu wanaotaka kunong'onezana, ndipo kompresa yenyewe inapaswa kushukiwa, kwa sababu kazi yake ni kuzitenganisha presha hizo mbili na imeshindwa. Hata hapo, fundi mzuri huchunguza mambo mengine kabla ya kuhukumu.

Mzee alinieleza jambo jingine ambalo lingewafaa mafundi wetu wa nyanda za juu. Kabla ya kujaza gesi mpya, mabomba hunyonywa kwa pampu hadi hewa na unyevu viishe. Mombasa, pampu nzuri huushusha mshale hadi karibu na inchi 30 chini ya sifuri, na vitabu vingi huitaja namba hiyo. Naivasha mshale hugota kwenye 24 au pungufu kidogo. Alipofika huku mara ya kwanza alidhani pampu imeharibika safarini. Sababu ni wembamba wa hewa yetu. Pwani hewa hutukandamiza kwa karibu pauni 15 kwa kila inchi mraba, huku kwetu hazifiki 12. Mama yeyote wa Naivasha anaijua siri hii bila kuipa jina: maji yake huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100, ndiyo maana githeri humaliza mkaa. Basi fundi akikuambia pampu yake imegoma kufika 30, au akikudai pesa za mvujo usioonekana kwa sababu hiyo, mkumbushe ni mji gani alio nao.

Sasa tuje kwenye gesi yenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapouziwa mbuzi kwenye gunia. "Nimekuongezea gesi hadi presha imefika," fundi husema, nawe unalipa. Kipimo hicho hakitoshi. Muulize dada yangu. Mtungi wa kilo 13 uliojaa na mtungi uliobaki nusu huwa na presha ile ile asubuhi ile ile, kwa sababu maadamu kuna gesi ya maji maji ndani, presha hufuata joto, haifuati wingi. Hiyo ndiyo sababu gesi ya kupikia huuzwa kwa mizani, kilo 6 au kilo 13, wala haiuzwi kwa geji. Kiyoyozi cha gari kilichozimwa nacho ni vivyo hivyo: kwenye joto la nyuzi 25 kitasoma zaidi kidogo ya pauni 80, kiwe na gesi kamili au nusu yake. Chini ya boneti mna kibandiko kinachosema gari linahitaji gramu ngapi. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba na herufi g utazitambua. Fundi wa kweli huinyonya ile ya zamani kwenye mtungi wake, akaweka mpya kwa mizani.

Gesi nazo zimebadilika kufuatana na nyakati. Magari ya zamani yalitumia R12, ambayo ilipigwa marufuku taratibu chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Katikati ya miaka ya 1990 R134a ikashika nafasi yake. Nayo ikabainika kwamba hulipasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi sawa cha hewa ya kaboni, na Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yakakubaliana kuanza kupunguza gesi za jamii hiyo. Magari mapya zaidi hutumia R1234yf. Kila moja ina presha zake na oili yake. Isitoshe, magari kama Aqua na Prius yana kompresa inayoendeshwa kwa umeme mkali wa betri, nayo huhitaji oili maalumu isiyopitisha umeme. Ukitiwa oili ya gari la kawaida humo, unaweza kuiharibu kompresa ya bei kubwa na kuhatarisha mikono ya fundi mwenyewe.

Nimeacha la hatari zaidi liwe la mwisho. Kila baada ya majuma kadhaa, kijana mmoja au wawili hufika kibandani kwa dada wakitaka mtungi wa kilo 6 "wa kutilia magari". Wamegundua kwamba gesi ya kupikia ni rahisi, hupoza vizuri, na geji haiitofautishi. Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo linalotisha. Presha ya gesi ya jikoni hukaribiana na ile ya R134a, hivyo mishale itasimama panapotakiwa na fundi atakuonyesha kwa fahari. Namba itakuwa sawa, kilichomo kitakuwa moto. Sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa iko nyuma ya dashibodi. Ikivuja usiku gari likiwa limefungwa, gesi hutulia ndani, na asubuhi cheche moja ya swichi au kiberiti hutosha. Ndani ya gari hilo ndimo unamopakia watoto.

Dada huwakatalia. Anawaambia mtungi wake unajua njia moja, ya kwenda kwenye meko. Wengine hukasirika wakaenda kwingine. Nawe ukiwasha kiyoyozi ukasikia harufu ile ile ya jikoni, kizime, fungua milango, usiwashe chochote, na umtafute fundi mwingine siku hiyo hiyo. Hatari ya jamii hiyo hiyo ni fundi anayetafuta mvujo kwa mtungi wa oksijeni aliouazima kwa mwelda wa jirani. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka. Kazi hiyo hufanywa kwa naitrojeni kavu, tena isiyozidi ile namba ndogo niliyokutajia.

Naivasha si wageni wa presha. Tangu 1981 mvuke unaotoka chini ya ardhi kule Olkaria umekuwa ukizungusha mitambo na kutuwashia taa, na hakuna mhandisi huko anayesoma geji bila kujua ni ya bomba gani, inapima nini, na kikomo chake ni kipi. Maswali hayo matatu hayahitaji shahada. Safari nyingine fundi akikutajia namba, mwulize kwa heshima: hiyo ni namba ya kibandiko au ya geji? Ni ya upande wa juu au wa chini, na mwenzake unasomaje? Na ndani mna gesi gani, gramu ngapi?

Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kujibu, kama alivyofurahi yule mzee wa Kihoto. Anayekasirika kwa kuulizwa, chukua ufunguo wako uondoke naye mkiwa marafiki. Kompresa za mtumba hazitaisha sokoni. Karo ya mtoto ikishatoka mfukoni, kuirudisha ni kazi nyingine.